Merchant au Mushtaq? Hesabu za wafunguzi wawili wa India

Wiki hii naomba tuweke kando siasa za kaunti na bei ya samaki, tuzungumze kriketi. Najua vijana wetu wengi ni watu wa kandanda. Hata hivyo, katika baraza ninalokaa baada ya sala ya Isha wamo wazee ambao wakianza habari za kriketi, kahawa hupoa vikombeni. Juzi kijana mmoja alikuwa akifuatilia kwenye simu mashindano ya India ya ova 20, yale yanayoitwa kombe la Syed Mushtaq Ali. Akauliza tu, huyu Mushtaq Ali alikuwa nani? Swali la dakika moja likala saa mbili, kwa sababu humtaji Mushtaq Ali bila kumtaja Vijay Merchant, na ukishawataja wote wawili lazima atokee mtu wa kuuliza nani zaidi.

Wazee karibu wote walikuwa upande wa Mushtaq. Walizitoa sababu zao za kiwanjani, nazo ni nzuri. Lakini chini yake ilikuwapo sababu nyingine isiyosemwa kwa sauti: Mushtaq ni Muislamu mwenzetu, Merchant ni Baniani. Mimi nilisema pale pale, na leo naandika, kwamba kwa hesabu ya haki Merchant ndiye mpigaji mkubwa zaidi. Tumeamrishwa kupima kwa uadilifu hata pale ambapo moyo unavuta upande mwingine. Basi hebu nieleze maisha ya mtu huyu, na mwenzake nitamweleza ndani yake, maana kuwatenganisha hakuwezekani.

Vijay Merchant alizaliwa Bombay tarehe 12 Oktoba 1911, katika ukoo wa Thackersey, matajiri wa viwanda vya nguo. Pwani yetu haihitaji kuelezwa maana ya kiwanda cha nguo cha Bombay. Bibi zetu wamevaa vitambaa vilivyotoka huko, vikaja kwa majahazi na baadaye kwa meli. Jina la Merchant, ambalo kwa Kiingereza ni mfanyabiashara, halikuwa la ukoo. Inasimuliwa kwamba siku ya kuandikishwa shule mwalimu mkuu wa Kiingereza aliuliza familia ile inafanya kazi gani, akajibiwa ni wafanyabiashara, naye akaliandika jibu hilo kuwa ndilo jina. Mtoto akabaki nalo mpaka kaburini, au niseme mpaka motoni, kwa desturi yao ya kuchoma maiti.

Kwa hiyo huyu hakucheza kwa njaa. Angeweza kukaa ofisini akahesabu marobota. Badala yake alikuwa mtu wa mazoezi yasiyokwisha, mfupi wa kimo, mwepesi wa miguu, mwenye subira ya mvuvi wa mshipi. Mpira aliuacha umfikie kabisa, umkaribie mlinda vijiti, ndipo aukate kwa nyuma ukateleza hadi mpakani. Pigo hilo linataka macho makali na moyo uliotulia. Ukikosea kwa unywele, umekwisha.

Mwaka 1933 Waingereza walikuja India chini ya nahodha Douglas Jardine, na mwezi wa Disemba ikachezwa Bombay mechi ya Testi ya kwanza kabisa katika ardhi ya India. Merchant alikuwamo, umri wake miaka 22. Katika Testi tatu za msimu ule alipata mikimbio 178, ambayo si ya kujivunia wala si ya aibu. Katika Testi ya pili, Calcutta, Januari 1934, akaingia timuni kijana wa miaka 19 kutoka Indore. Huyo ndiye Syed Mushtaq Ali. Hakuchukuliwa kama mpigaji. Alichukuliwa kama mrushaji wa mpira wa taratibu wa mkono wa kushoto, ijapokuwa gongo alilishika kwa mkono wa kulia.

Mushtaq alizaliwa tarehe 17 Disemba 1914. Kipaji chake kilionwa mapema na C.K. Nayudu, nahodha wa kwanza wa India katika Testi, ambaye alimshika mkono. Hili nalitaja kwa sababu ya wale wanaopenda kugawa kila kitu kwa dini: aliyemlea Mushtaq katika mchezo huu alikuwa Mhindu. Kijana alikua mrefu, mwembamba, wa kupendeza kutazama, leso shingoni. Wapigaji wengine walimngoja mrushaji wa mbio kwa tahadhari. Yeye alitoka kwenye mstari wake akamwendea mbele, kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni mlangoni. Makocha walishika vichwa. Watu walilipa viingilio.

Tuje sasa mwaka 1936, maana habari yote imo humo.

India ilisafiri kwenda Uingereza chini ya mwana wa kifalme aliyejulikana kwa kifupi kama Vizzy, wa Vizianagram. Unahodha aliupata kwa fedha na kujuana, si kwa gongo. Katika Testi tatu za safari ile, zilizokuwa Testi zake zote maishani, wastani wake ulikuwa 8.25. Timu iligawanyika vipande vipande. Lala Amarnath, mmoja wa wachezaji bora waliokuwapo, alirudishwa nyumbani kabla hata ya Testi ya kwanza kwa madai ya utovu wa nidhamu. Merchant alikuwa katika kundi ambalo nahodha hakulipenda.

Testi ya pili ilichezwa Manchester, kiwanja cha Old Trafford, mwezi wa Julai. Hapo ndipo Merchant na Mushtaq walipowekwa kwa mara ya kwanza kufungua pamoja katika Testi. Zamu ya kwanza haikufika mbali. Merchant aliupiga mpira moja kwa moja, mpira ukagonga gongo la Mushtaq aliyekuwa upande wa pili, ukaruka hadi kwa Fagg wa Uingereza, naye akavunja vijiti Mushtaq akiwa nje ya mstari. Ametolewa kwa mikimbio 13, na aliyemtoa, ukitaka kusema hivyo, ni pigo zuri la mwenzake. India nzima ikaishia 203. Waingereza wakajibu kwa 571 kwa wiketi 8, Wally Hammond peke yake 167, kisha wakafunga hesabu yao. Deni la India lilikuwa 368.

Sasa sikiliza kisa kinachosimuliwa na wapenzi wa kriketi ya India mpaka leo. Inasemwa kwamba kabla ya zamu ya pili nahodha alimwita Mushtaq kando, akamwahidi saa ya dhahabu endapo atahakikisha Merchant anatolewa akiwa mbioni. Kwa asiyejua mchezo huu nieleze kidogo. Wapigaji wawili huwa uwanjani pamoja, na ili kupata mkimbio ni lazima wabadilishane ncha. Mmoja akimwita mwenzake kisha akasita, yule aliyetoka amekwenda na maji. Ni usaliti rahisi kuliko wote, maana hakuna atakayeuthibitisha. Utasema tu hatukuelewana. Na Mushtaq, kumbuka, alikuwa ametoka kupoteza zamu yake kwa njia hiyo hiyo, kupitia mpira wa Merchant. Angetaka kisingizio, alikuwa nacho.

Alichofanya, kwa masimulizi hayo, ni kumweleza Merchant habari yote. Wakacheka, wakachukua magongo, wakaingia.

Yaliyofuata hayana shaka yoyote, yameandikwa katika vitabu vya hesabu. Mpaka jua la siku ya pili linakwisha, India ilikuwa na 190 bila kupoteza wiketi hata moja. Mikimbio iliyopigwa siku hiyo na timu zote mbili ilifika 588, na hakuna siku nyingine ya Testi iliyoipita. Mushtaq alifikisha mia jioni ile ile, akawa Mhindi wa kwanza kupiga mia katika Testi nje ya India. Alikuwa na miaka 21. Asubuhi yake alitoka kwa 112, wafunguzi wakiwa wamefika 203, yaani wawili peke yao sawasawa na timu nzima katika zamu ya kwanza. Merchant aliendelea hadi 114. Mechi ambayo Waingereza walikuwa wameshaimeza ikaisha sare, India 390 kwa wiketi 5.

Siku ile Mushtaq alikuwa ndiye nyota. Magazeti, watazamaji, kila mtu alimtazama yeye, na haki yake. Lakini angalia pia kazi ya yule wa upande wa pili. Mushtaq aliweza kucheza vile kwa sababu alijua ncha ya pili imeshikwa na mtu asiyetetereka. Mabaharia watanielewa: mmoja anapanda mlingoti watu wakamshangilia, mwingine ameshika usukani wala hatazamwi.

Merchant alimaliza safari ile na mikimbio 1,745 katika mechi zote, na Wisden, kitabu kikuu cha mwaka cha kriketi ya Uingereza, kikamweka miongoni mwa wachezaji watano bora katika toleo la 1937.

Baada ya hapo ikaja kiza. Kutoka Agosti 1936 mpaka Juni 1946 India haikucheza Testi hata moja, na sehemu kubwa ya sababu ni vita vya dunia. Merchant alikuwa na miaka 24 Testi zilipokatika, na 34 ziliporudi. Mushtaq, 21 na 31. Nawaomba wanaopenda kulinganisha wastani wasimame hapa kidogo. Ile ndiyo miaka ambayo mpigaji huvuna. Wote wawili walinyang'anywa mavuno, na hakuna fundi wa hesabu anayeweza kuturudishia.

Si kwamba walikaa bure. India yenyewe ilikuwa na kriketi yake, na Bombay ilikuwa na mashindano yaliyojaza viwanja kuliko yote, ambayo timu zake ziligawanywa kwa jamii: Wahindu, Waislamu, Waparsi, Wazungu, na timu ya tano ya wengine wote. Gandhi aliyapinga hadharani, na mimi nadhani alikuwa na haki. Merchant alicheza upande wa Wahindu na Mushtaq upande wa Waislamu. Fainali ya mwishoni mwa 1943 Merchant alipiga 250 bila kutolewa dhidi ya timu ya wengine, naye Vijay Hazare akajibu kwa 309 katika jumla ya 387 za timu yake. Hesabu za namna hii zilikuwa kama mchezo wa watoto kwa Merchant miaka ile.

Fainali ya mwaka uliofuata ndiyo inayonigusa mimi. Mwishoni mwa 1944, Wahindu wakiongozwa na Merchant walikutana na Waislamu wakiongozwa na Mushtaq. Miaka mitatu tu imebaki nchi igawanywe kwa damu. Waislamu walishinda kwa wiketi moja, shukrani kwa K.C. Ibrahim aliyefungua zamu na kubaki bila kutolewa mpaka mwisho. Na aliyeshindwa, Merchant, alikwenda kwenye chumba cha washindi kuwapongeza na kumkumbatia mwenzake wa Manchester. Ukisoma historia ya miaka ile, ambapo viongozi wakubwa hawakuweza kukaa meza moja, unajua hilo halikuwa jambo dogo.

Msimu huo huo wakakutana tena, safari hii si kwa dini bali kwa miji. Fainali ya Ranji, mashindano makuu ya majimbo, ilikuwa Bombay dhidi ya Holkar, timu ya mtawala wa Indore. Merchant alipiga 278. Mushtaq akapiga mia mbili, moja kila zamu: 109 na 139. Denis Compton wa Uingereza, aliyekuwa India kama askari, alibaki na 249 bila kutolewa akiwa upande wa Holkar. Waliwekewa lengo la 867. Walipata 492. Bombay ikashinda. Mechi ile mimi huitazama kama picha kamili ya watu hawa wawili: Mushtaq anang'ara mara mbili, Merchant anabeba kombe.

Sasa hesabu yenyewe, maana niliahidi mizani.

Katika Testi, Merchant alicheza mechi 10, zamu 18, mikimbio 859, wastani 47.72, mia tatu. Mushtaq alicheza mechi 11, zamu 20, mikimbio 612, wastani 32.21, mia mbili. Katika kriketi ya daraja la kwanza kwa jumla, wastani wa Mushtaq ni kama 36. Wa Merchant ni 71.64, na kwa watu waliocheza muda mrefu duniani kote anayempita ni mmoja tu, Don Bradman wa Australia. Rudia kusoma sentensi hiyo. Katika wapigaji wote wa karne na zaidi, Waingereza, Waaustralia, Wakaribi, Wapakistani, mtu wa pili ni yule mwana wa tajiri wa nguo wa Bombay.

Najua jibu la wazee wangu. Watasema viwanja vya Bombay vilikuwa laini, vya kumpendelea mpigaji, na warushaji walikaangwa pale kama bhajia. Kweli, vilikuwa laini. Lakini mwaka 1946 India ilikwenda tena Uingereza, majira ya mvua nyingi, viwanja vimelowa, mpira unageuka kama samaki mkononi. Merchant, miaka 34, alipiga mikimbio 2,385 kwa wastani wa 74.53. Na angalieni Testi zake peke yake, msimu kwa msimu: 178 mwaka 1933 na 1934, 282 mwaka 1936, 245 mwaka 1946, na 154 mwaka 1951. Zote kumi dhidi ya Uingereza, sita kati yake huko huko Uingereza. Hakupata nafasi ya kunenepesha wastani kwa wanyonge.

Katika Testi ya mwisho ya 1946, kiwanja cha Oval, alifika 128 akatolewa mbioni. Aliyemtoa ni yule yule Compton, ambaye pia alikuwa mchezaji wa kandanda wa Arsenal. Hakuinama kuokota mpira, aliupiga teke ukagonga vijiti. Hii huwa nawaambia vijana wa kandanda ili nao wapate chao katika hadithi.

Manchester mwaka ule walifungua tena pamoja na wakafika 124 kabla mmoja wao hajatoka. Timu ikaanguka nyuma yao, ikaishia 170. Kwa jumla Merchant na Mushtaq walifungua katika Testi mara 7 tu. Mara saba! Zilizaa mikimbio 584, wastani wa 83.43. Yapo majozi ya wafunguzi waliocheza pamoja miaka kumi wasifikie wastani huo. Kwa hiyo ninaposema Merchant ni mkubwa zaidi, sisemi Mushtaq alikuwa mzigo. Kuna mikimbio katika hesabu ya Merchant ambayo ilikuja kwa sababu warushaji walikuwa wameshachanganyikiwa na yule kijana wa leso shingoni, na hilo jedwali halilionyeshi.

Na mapenzi ya watu yalikuwa ya Mushtaq, hilo silibishi. Mwaka 1945 timu ya wanajeshi wa Australia ilipokuja, Mushtaq aliachwa nje ya mechi ya Calcutta. Watu wa mji ule, wengi wao Wahindu, walimzonga Duleepsinhji, mkuu wa wateuzi, wakamwambia bila Mushtaq hakuna mechi. Akarudishwa. Ni mchezaji gani wetu leo mji mzima ungemtokea hivyo? Na huko huko Calcutta, kati ya mwisho wa 1948 na mwanzo wa 1949, akawalipa kwa 54 na 106 dhidi ya West Indies.

Mwaka 1947 nchi ikagawanyika. Mushtaq alibaki Indore kwao. Safari ya Australia ya 1947 na 1948 ilimkosa kila mmoja wao: Merchant, aliyekuwa ameteuliwa nahodha, alijitoa kwa afya, na Mushtaq alifiwa na kaka yake. Hivyo hatutajua wangefanya nini mbele ya Bradman. Katika mambo yote waliyokosa, hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Merchant alicheza Testi moja tu tena. Delhi, Novemba 1951, umri miaka 40, alipiga 154, kubwa kuliko zote alizowahi kupiga katika Testi. Katika mechi hiyo hiyo aliumia bega akidaka mpira, na hakucheza Testi tena. Miezi mitatu baadaye, Madras, Februari 1952, India ilishinda Testi kwa mara ya kwanza katika historia yake, dhidi ya Waingereza hao hao. Aliyefungua zamu siku hiyo pamoja na Pankaj Roy alikuwa Mushtaq Ali, miaka 37, katika Testi yake ya mwisho. Alipata 22. Merchant, kwa hesabu zake zote, hakuwahi kuwa katika timu ya India iliyoshinda Testi.

Liko jambo moja ambalo wazee wa baraza hawajamsamehe Merchant, na lazima niligusie, nisije nikaambiwa nimelikwepa. Mwaka 1971 yeye alikuwa mkuu wa wateuzi. Nahodha wa India kwa miaka mingi alikuwa Nawabu wa Pataudi, Mansur Ali Khan, Muislamu, aliyepoteza uwezo wa jicho moja kwa ajali ya gari na bado akapiga mikimbio ya kustaajabisha. Kura za wateuzi zikalingana, na kura ya turufu ya Merchant ikampa unahodha Ajit Wadekar wa Bombay. Wenye kukumbuka ya nyuma walikumbusha kwamba mwaka 1946 baba yake Pataudi ndiye aliyepewa unahodha wa safari ya Uingereza, Merchant akawa makamu wake. Wakasema mzee amelipa kisasi. Wengine wakatia dini.

Mimi sikubali la dini. Mtu aliyekwenda chumbani kuwakumbatia Waislamu mwaka 1944, siku aliyoshindwa nao, simwoni akingoja miaka 27 kumchoma Muislamu mmoja. La kisasi, moyo wa mtu ni kichaka, siingii. Ninachoweza kupima ni matokeo. Chini ya Wadekar, mwaka ule ule wa 1971, India ilishinda mfululizo wa Testi West Indies na kisha Uingereza, kote mara ya kwanza. Na miaka ile Merchant na wenzake walikuwa na sera ya kuwapa nafasi vijana: G.R. Viswanath, Eknath Solkar, na mfunguzi mfupi wa Bombay aitwaye Sunil Gavaskar, ambaye katika mfululizo wake wa kwanza huko West Indies alipiga mikimbio 774. Kwa hiyo kura ile ilikuwa chungu kwa Pataudi, lakini haikuwa kura mbaya.

Nje ya kiwanja Merchant alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni redio, alikokuwa na kipindi cha kriketi ambacho watu wengi wa India walikisikiliza kila wiki. La pili ni walemavu. Katika viwanda vya ukoo wake aliwaajiri watu wenye ulemavu, akaomba na matajiri wenzake wafanye hivyo, tena wakati ambapo wengi waliwaona ni wa kutupiwa sadaka mlangoni. Kwetu huku bado tunaye kijana kiziwi au asiyeona anayekaa nyumbani na ufundi wake mkononi, kwa sababu hakuna mwenye duka aliyefikiria kumchukua.

Mushtaq aliishi maisha marefu Indore, akapewa nishani ya Padma Shri mwaka 1964, na mwanawe na mjukuu wake nao wakacheza kriketi ya daraja la kwanza. Alifariki huko huko tarehe 18 Juni 2005, umri miaka 90. Jina lake wakalipa mashindano ya ova 20, na anayejua alivyokuwa akimwendea mrushaji wa mbio ataona ndilo jina lililofaa. Jina la Merchant wakalipa mashindano ya vijana walio chini ya miaka 16.

Yeye alikuwa ameshatangulia. Alifariki Bombay tarehe 27 Oktoba 1987, kombe la dunia likichezwa India na Pakistan kwa pamoja. Siku nne baadaye, Nagpur, Gavaskar alifungua zamu dhidi ya New Zealand na akabaki na 103 bila kutolewa. Ilikuwa mia yake ya kwanza na ya mwisho katika kriketi ya siku moja.